Laini ya Ng'ambo

Mkono wa Ianthe bado uko pale pale tulipouacha wiki iliyopita: juu ya kitasa cha chumba ambacho leo, kabla jiwe la kaburi halijatoka, haruhusiwi kuingia mtu aliye hai. Na ile sauti iliyomgandisha kwa nyuma haikuwa ya askari, wala ya Marva aliyekufa. Ilikuwa ya Shangazi Eslin, mikono yake imejaa unga wa mahindi hadi kwenye viwiko.

"Toa mkono hapo."

"Shangazi, saa nne inakaribia."

"Saa nne ya nani? Mle ndani dada yako anakula."

Kama umeanza kutusoma leo, usihangaike, mambo ni haya. Marva, dada yake Ianthe, alikufa akaacha mtoto mmoja, Joliann. Ianthe akamchukua, akamlea, na mtoto akaanza kumwita Mama bila kufundishwa na mtu. Baba wa mtoto, Lennard, alikimbilia Brooklyn wakati Joliann hajaota hata jino. Sasa ana nyumba, ana mke, ana wakili, na ghafla amekumbuka kwamba ana binti.

Mahakama ilikwisha kutoa agizo kwamba mtoto asivuke mpaka wa nchi hadi kesi iishe. Leo saa nne jaji anasikiliza kesi kwa njia ya video, yeye akiwa mji mkuu kwenye kisiwa kingine na Ianthe akiwa huku Windward, kijiji cha kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Carriacou. Asiyetokea kwenye video anahesabiwa kuwa amekubali yote anayosema mwenzake. Hapo Joliann ataondoka.

Na ni leo hii hii kampuni ya simu imezima mnara wa zamani ili iwashe mpya. "Tunawaboreshea huduma," redio ilitangaza, na tangu alfajiri Windward nzima haina huduma ya kuboreshwa. Maktaba hakuna kitu. Zahanati hakuna kitu. Boti ya asubuhi ilikwisha kuondoka. Ianthe alipanda mbio hadi nyumba ya wageni iliyo juu kidogo ya ua wao, ile yenye dishi la setilaiti kwenye paa, akagonga geti hadi vidole vikamuuma. Pazia la maua ya buluu lilisogea dirishani, kisha likarudi mahali pake. Hakufunguliwa. Alilia palepale getini, akajifuta uso, akateremka.

Kibaya zaidi, leo ndiyo karamu ya jiwe la Marva. Amelala makaburini miaka yote hii bila jiwe, na ndugu wametoka nje ya nchi kuja kumsimamishia. Mbuzi wamechinjwa, ngoma zimekaa uani. Jiwe lenyewe limelazwa kitandani chini ya shuka nyeupe, na mezani kuna sahani ya marehemu. Mpaka jiwe litakapobebwa kwenda makaburini mchana, chumba kile ni chao wao waliotangulia.

"Jana nilipokuwa namfunika, simu iliita," Ianthe alisema. "Pale dirishani. Ujumbe uliingia, Shangazi."

"Uliingia ujumbe wa kukukaribisha nchi ya watu. Kisiwa cha Union hicho, ng'ambo ya maji. Mnara wao unatuchungulia kwenye dirisha lile kila siku. Wewe umezaliwa hapa au ulishushwa na meli?"

"Mtandao ni mtandao."

"Kwa laini yako hutapata kitu zaidi ya hiyo karibu. Picha haitapita. Mpaka uwe na laini ya kwao."

Ianthe alimtazama. Hakuna asiyejua kwamba Shangazi Eslin ana laini ya ng'ambo, anayoitumia kupiga umbea na binamu zake wa Union. Nusu ya Windward wanayo.

"Nipe."

"Nikupe uende nayo wapi? Mlango huo haufunguki. Nilimwambia Marva ale kwa amani, na nitalitimiza neno langu."

"Wakimchukua Joliann, Marva atakula kwa amani gani?"

Hapo hapo Joliann mwenyewe akatokea kwenye ukumbi, gauni jeupe, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimetimka.

"Mama, ni kweli leo nakwenda kuona theluji?"

Ianthe alimgeukia. "Nani amekwambia?"

"Yule mwanamke wa gauni la njano. Ameniambia Brooklyn kuna theluji na nina kitanda changu."

Uani kulikuwa na wageni wa kila namna, binamu wa binamu, waliokuja na masanduku na lafudhi za Toronto na London. Nani angewajua wote? Ianthe hakuwa na muda wa kumtafuta mtu kwa rangi ya gauni. Ni kosa, msomaji, nami ningependa kumshika bega nimwambie atoke nje akatazame. Lakini hanisikii.

Shangazi Eslin alimtazama mtoto. Akaifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja, akachomoa simu yake kifuani na pini ya nywele kichwani.

"Vua viatu," alimwambia Ianthe huku akiitoa laini. "Usionje kitu. Na umwombe ruhusa kwanza, kwa mdomo wako. Usimvamie mwenzio kama polisi."

Kitasa kikazunguka.

Ndani kulinukia mshumaa na ramu. Sahani ya Marva ilikuwa imejaa: wali, kuku asiyetiwa chumvi, matonge ya ugali yaliyoviringwa yakawa laini. Ianthe alisimama miguu mitupu mbele ya kitanda.

"Marva, nisamehe. Nakuingilia chakulani. Nimekuja kwa ajili ya mtoto wako."

Akaipachika laini, akaiegemeza simu kwenye nondo za dirisha. Ujumbe ukaingia wa kumkaribisha nchi jirani na kumtakia matembezi mema. Akaufuta kwa kidole gumba bila kuusoma. Ndivyo watu wa Windward wanavyofanya kila siku. Wamekaribishwa nchi ya watu wakiwa jikoni, wakiwa kitandani, wakiwa chooni, na hakuna anayejali tena.

Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kikazunguka tena.

"Fungua, tafadhali," Ianthe alikiomba, kana kwamba kina masikio.

Kikafungua. Jaji alitokea vipande vipande, miwani huku, kidevu kule. Pembeni yake Wakili Baptiste, mtu wa Lennard, na chini yao Lennard mwenyewe, doa jeusi la suti mbele ya doa la buluu. Sura haikuonekana, lakini sauti yake ilifika nzima.

"... niko nyumbani kwangu Brooklyn, Mheshimiwa. Chumba cha mtoto kiko tayari. Theluji imeanguka hadi mlangoni. Mimi nimetokea kwa wakati. Mwenzangu yuko wapi?"

"Nipo," Ianthe alisema. "Nipo, Mheshimiwa."

"Bi Enoe, umechelewa," jaji alisema.

"Mheshimiwa, mnara wetu umezimwa, nime..."

"Tunakusikia nusu nusu."

"Nimetafuta mtandao tangu..."

"Mheshimiwa," Wakili Baptiste aliingilia kwa upole wa kuudhi, "ndicho tunachosema siku zote. Mtoto analelewa mahali ambapo hata sauti ya mlezi haifiki. Akiugua, ataitwa daktari kwa baragumu?"

Ianthe alitaka kumjibu jibu lake. Alilimeza. Jaji alikuwa anazungumza, midomo yake imeganda na sauti ikija baadaye: anataka kumwona mtoto.

Shangazi Eslin, aliyesimama kizingitini, akanyoosha mkono kuziba mlango. "Mtoto haingii. Mama yake akimwona atamtamani."

"Shangazi."

"Nimesema haingii. Wewe umeshaingia, inatosha."

Joliann alipita chini ya mkono wake. Akaenda akaketi ukingoni mwa kitanda, kando ya jiwe la mama yake, akaitazama simu.

"Unaitwa nani?" jaji aliuliza.

"Joliann Enoe."

"Unaishi na nani?"

"Na Mama Ianthe. Na Shangazi Eslin, na mbuzi. Lakini mbuzi wamewachinja."

Jaji alicheka. Picha iliganda kwenye kicheko hicho, na kwa muda mfupi Ianthe alipumua. Jaji anayecheka na mtoto hawezi kumng'oa mtoto. Alimshika Joliann mkono.

"Mheshimiwa," ilikuja sauti ya Baptiste, "naomba karani aitazame mitambo yake, aiambie mahakama Bi Enoe anazungumza kutoka wapi."

Kiduara. Kisha sauti ya karani ikafika safi, maana neno baya halikwami njiani.

"Mheshimiwa, laini ya Bi Enoe haisomeki hapa nchini. Inasomeka nchi jirani."

Ianthe alimvuta Joliann karibu.

"Bi Enoe," jaji alisema, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Agizo langu lilikataza mtoto asivuke mpaka. Umempeleka wapi?"

"Niko Windward, Mheshimiwa. Niko nyumbani. Ni laini tu ya..."

"Amekimbia naye," Lennard alisema. "Nilijua atakimbia naye."

"Nyamaza, Bwana Cudjoe. Bi Enoe, nionyeshe uko wapi. Nionyeshe chochote."

Chochote. Dirishani kulikuwa na bahari, na ng'ambo ya bahari vilima vya Union, ushahidi wa kumwangamiza. Chumbani kulikuwa na kitanda, meza na mshumaa kama vilivyo popote duniani. Ianthe aligeuka, akaitazama ile shuka nyeupe. Chini yake limechongwa jina la dada yake na jina la kijiji hiki.

Shangazi Eslin aliyaona macho yake yanakoelekea. Sauti yake ilishuka ikawa ya kuomba, na Ianthe hakuwahi kumsikia akiomba.

"Mwanangu, usifanye. Linafunuliwa makaburini, mbele ya watu. Ukilifunua hapa umemfukuza."

"Nitamwomba radhi maisha yangu yote."

Akaivuta shuka.

Akaichukua simu dirishani, akaisogeza karibu na jiwe. "Someni, Mheshimiwa. Marva Enoe. Windward. Someni."

Hakuna aliyesoma. Alipoitoa simu dirishani, Union ilimpotea. Kwenye kioo alibaki jaji aliyeganda mdomo wazi, na sauti ikaja mara ya mwisho, vipande vitatu: "... dharau ya... polisi... mtoto achukuliwe..."

Kisha kioo kikawa cheusi.

Ianthe alikaa sakafuni. Jiwe lilikuwa uchi kitandani, sahani imepoa, na yeye hakuwa na Marva wala Joliann. Alilia kwa sauti, bila aibu, mbele ya mtoto.

"Haya, tazama ulichopata," Shangazi Eslin alisema, lakini naye alikuwa analia. Akamnyanyua Joliann. "Nenda nje kwenye ngoma, kaa na watu. Usimtazame mama yako akiwa hivi."

Mtoto akatoka. Hakuna aliyemtazama anakokwenda.

Walikaa hivyo, mmoja sakafuni na mmoja mlangoni, mpaka simu moja ilipolia uani. Ikafuata ya pili. Kisha zikalia zote, mifukoni, kwenye mikoba, juu ya meza ya mikate. Watu wakaanza kushangilia na kupigiana makofi. Mnara mpya umewaka.

"Sasa," Shangazi Eslin alisema. "Sasa ndiyo wanawasha."

Simu mojawapo iliyolia ilikuwa ya Konstebo Compton. Alikuwa karamuni kama mgeni, shati la maua, sahani ya wali mkononi. Huduma iliyoboreshwa ilimletea habari yake ya kwanza haraka sana. Aliisikiliza, akaweka sahani chini kabla hajamaliza, akaja hadi kwenye mlango wa chumba. Hakuvuka kizingiti.

"Ianthe, dada yangu. Nimepigiwa kutoka kituoni."

"Najua."

"Jaji anaambiwa uko nchi ya watu na mtoto. Nimewaambia huyo mwanamke namwona tangu asubuhi, na wali wake nimekula mara mbili. Wananiambia kama yupo, basi alikuwa anajiandaa kutoroka. Mtoto apande boti ya mchana, akabidhiwe ustawi wa jamii."

"Nawe utamchukua?"

Konstebo alitazama miguu yake. "Nina watoto wanaokula kwa kazi hii. Usiniulize hivyo."

Ianthe aliinuka sakafuni. Machozi yalikuwa bado yanatiririka, lakini akili ilikuwa imerudi. Akaipachika laini yake mwenyewe kwenye simu, na mistari ya mtandao ikajaa yote.

"Usinihurumie," alisema. "Hayo uliyowaambia kituoni mwambie jaji mwenyewe."

Safari hii hakukuwa na kiduara. Mahakama ilifunguka palepale, safi, unaona mpaka alama ya miwani kwenye pua ya jaji. Alikuwa anakusanya makaratasi yake.

"Mheshimiwa," konstebo alisema, akasimama wima na shati lake la maua, akataja jina na namba ya kazi. "Niko Windward, nyumbani kwa Bi Enoe. Hajatoka hapa tangu asubuhi. Laini aliyotumia ni ya jirani, Mheshimiwa, hata mke wangu anayo. Huku ndivyo tunavyoishi."

Ianthe aligeuza simu, akaonyesha ngoma na masufuria uani, kisha jiwe kitandani. Jaji alisogea mbele, akasoma jina la Marva taratibu, na jina la kijiji. Akavua miwani.

"Karani, laini?"

"Sasa inasomeka hapa nchini, Mheshimiwa."

"Agizo la kumchukua mtoto nalisimamisha," jaji alisema. "Bwana Cudjoe, una la kusema?"

Ianthe hakusikia vizuri chochote; alisikia neno moja tu, nalisimamisha, na alitaka kulirudia kama jina la mtu.

Lennard akafungua sauti yake.

"Mheshimiwa, mimi niko mbali, Brooklyn, sina namna ya kujua wanapanga nini huko..."

Nyuma ya maneno yake kulikuwa na ngoma.

Ianthe alidhani ni ya kwao, inarudi kupitia simu yake. Akafunga kipaza sauti chake. Ngoma haikukoma. Ilikuwa mdundo ule ule uliokuwa uani kwao, ukichelewa kidogo, ukitoka upande wa Lennard. Konstebo Compton naye aliusikia, kwa maana aligeuza kichwa dirishani, akairudia simu, akageuza tena.

Ianthe aliisogeza simu karibu na macho. Mara ya kwanza, kwa mtandao wa kuokota, nyuma ya Lennard alikuwa ameona doa la buluu tu. Sasa aliona maua. Lilikuwa pazia la maua ya buluu.

"Yuko juu," alisema. "Shangazi, yuko hapo juu kwenye nyumba ya dishi."

Kwenye simu jaji alikuwa anauliza, "Bwana Cudjoe, ngoma gani hiyo?" Lennard alitazama kando, kama mtu aliyeitwa na mwenzake chumbani. Akainuka. Kikabaki kiti kitupu, pazia, na ngoma.

Ianthe aliruka hadi kwenye dirisha la uani. Aliwatazama wapiga ngoma, wapishi, wageni, watoto waliokaa kwenye magogo. Alitafuta gauni jeupe dogo. Kisha alitafuta la njano.

"Joliann," aliita, kwa nguvu zake zote. "Joliann."

Ngoma zikanyamaza. Watu wote uani wakageuza nyuso kumtazama, na hakuna mtoto aliyeinuka.

"Abee, Mama."

Sauti ilikuwa safi, haikukatika hata kidogo. Ilitoka kwenye simu.